Maswali Saba, Jina Moja: Chemsha Bongo ya Nyumba Nzima

Ndugu msomaji, chakula cha mchana kikisha kuondolewa mezani Jumapili ya leo, usiwaache watu wa nyumbani watawanyike. Muite baba kutoka barazani, muite kijana anayejisomea chumbani, na kama bibi amekuja kuwatembelea, mpe kiti cha karibu. Tafuteni kalamu moja na karatasi moja. Tunasema moja kwa makusudi, kwa kuwa mchezo tunaowaletea leo haumtafuti bingwa wa nyumba. Unaitaka nyumba nzima ikae upande mmoja.

Chemsha bongo za kawaida mmezizoea. Muulizaji anataja nchi, mnatakiwa kuutaja mji mkuu wake. Anataja mwaka, mnatakiwa kumtaja rais. Ajuaye anajibu, asiyejua ananyamaza, na swali likipita limepita. Swali la pili halina habari na swali la kwanza. Ndiyo maana mtoto wa darasa la nne akikosa mawili ya mwanzo hujinyanyua taratibu akaenda zake kucheza mpira, na nyanya naye husinzia kitini, kila mmoja akiamini kwamba mchezo huo ni wa wengine.

Chemsha bongo ya leo ni ya aina nyingine. Maswali ni saba, na yanagusa ushairi, lugha, historia, mimea, wanyama na jiografia. Kila swali lina jibu lake. Lakini nyuma ya majibu yote saba pana kiungo kilichofichwa, yaani jambo moja linaloyafunga pamoja. Ni kama kiungo cha mchuzi: hukioni kikielea, ila ukionja unajua kimo.

Masharti ni machache. Andikeni majibu kwa mpangilio wa maswali, moja chini ya jingine. Mahali ambapo jambo moja lina majina mawili, andikeni yote mawili, mtachagua baadaye. Swali mtakaloshindwa, acheni nafasi yake wazi wala msikate tamaa, kwa maana kiungo mkishakipata huenda kikawajazia pengo hilo. Na la mwisho, tafadhali, msiruke kwenda kwenye majibu.

MASWALI

1. Mshairi huyu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao hadi leo husomwa na wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Ni nani?

2. Hili ni neno moja lenye maana mbili. Maana ya kwanza ni nazi changa kabisa, kabla haijawa kitale. Maana ya pili ni shubaka dogo lililojengwa ndani ya ukuta, ambamo huwekwa vyombo vya thamani. Ni neno gani?

3. Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856 akiwa safarini kuelekea Zanzibar. Alikuwa akitoka katika nchi aliyozaliwa. Ni nchi ipi?

4. Mti huu huota ufukoni mahali ambapo maji ya chumvi hujaa na kupwa. Mizizi yake husimama juu ya matope kama miguu. Miti yake iliyokatwa kwa ajili ya ujenzi huitwa boriti. Ni mti gani?

5. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi ambao ndani yake mshairi anauonya moyo wake juu ya dunia, akiyatazama magofu ya Pate. Jina la utenzi huo lina asili ya Kiarabu na linabeba maana ya kufunuka kwa jambo. Unaitwaje?

6. Ni mnyama gani wa nchi kavu ambaye ni mkubwa kuliko wote, na ambaye hubeba mimba kwa karibu miezi 22?

7. Mwezi wa Mei 1498, Vasco da Gama alifika Calicut baada ya kuvuka bahari kutoka Malindi, akiongozwa na rubani aliyempata huko. Calicut iko katika nchi gani?

WAKATI MNAFIKIRI

Huku mkibishana, ngojeni tuwaeleze kidogo michezo ya namna hii imetoka wapi.

Watu wengi wakisikia mafumbo ya gazetini hukumbuka mraba wa maneno wenye visanduku vyeupe na vyeusi. Aliyeutoa mraba wa kwanza ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool huko Uingereza, katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Siri ya mvuto wa mraba ule ni kwamba majibu hukatana. Herufi uliyoipata kwa neno unalolijua hukusaidia kulipata neno usilolijua.

Mwaka 1979 waandishi wawili wa Kanada, Chris Haney na Scott Abbott, wakiwa mjini Montreal walibuni mchezo wa Trivial Pursuit, nao ukayaingiza maswali ya maarifa ya jumla katika majumba ya watu duniani kote. Huo ulikuwa mchezo wa kujua tu, swali moja moja. Ladha ya kuunganisha ilirudi kwa kishindo mwaka 2008, pale BBC ilipoanzisha kipindi cha televisheni kiitwacho Only Connect, ambamo washindani huonyeshwa vitu vinavyoonekana havina undugu wowote, wakatakiwa waseme undugu wao ni upi. Mwaka 2023 gazeti la New York Times nalo likaanza kuwapa wasomaji wake maneno 16 wayagawe katika mafungu manne, kila fungu likiwa na siri yake.

Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa kuunganisha kabla hajaenda shule. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Ili ajibu kwamba hilo ni yai, mtoto hana budi kuviweka vitu viwili vilivyo mbalimbali pamoja na kuona kinachovifananisha. Hakuna kitabu kilichomwambia kwamba yai ni nyumba. Ameliona mwenyewe, na akisha kuliona halisahau.

Watu wazima nao walikuwa na vitendawili vyao. Katika ngoma ya gungu, pwani ya kaskazini, washairi walifumbiana mafumbo mbele ya hadhara, huyu akilifunga, yule akilifungua. Na mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu akina Bwana Zahidi Mngumi walipelekeana mashairi ambayo msikilizaji asiyejua kuunganisha hakuambulia kitu. Alisikia maneno mazuri tu, shabaha ikampita.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia katika majibu. Katika kitendawili, aliyeshindwa huombwa mji. "Nipe mji," huambiwa, naye hutaja mji ili apewe jibu. Katika mchezo wetu wa leo mambo yamegeuzwa: mwenye kushinda ndiye anayepewa. Hicho ndicho kidokezo cha mwisho. Watazameni tena wale saba mliowaandika, wamejipanga kutoka juu hadi chini.

MAJIBU

La kwanza ni Mwana Kupona binti Msham. Utenzi wake aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, akimuusia juu ya dini, adabu, mume na mambo ya nyumbani. Alifariki Lamu takriban mwaka 1860. Mumewe, Bwana Mataka, anakumbukwa kwa kupambana na majeshi ya mtu tuliyemtaja katika swali la tatu. Mwaonaje? Majibu yameanza kushikana mikono.

La pili ni kidaka. Wanaojua minazi watakuwa wamelipata kwa upande wa nazi: kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi yenyewe. Waliokulia katika nyumba za mawe watakuwa wamelipata kwa upande wa ukuta. Waamu, watu wa Lamu, husema zidaka kwa wingi, na katika nyumba za zamani safu za zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa hujaza ukuta mzima wa chumba cha ndani.

La tatu ni Oman. Seyyid Said alizaliwa huko mwaka 1791 akaja kuifanya Zanzibar makao yake makuu. Aliposhika mizizi Lamu, haikuwa kwa bahati. Watu wa Lamu walikuwa wamewashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, kisha kwa kuhofia kulipiziwa kisasi wakamuomba Seyyid Said ulinzi. Ngome iliyo katikati ya mji wa Lamu ilikamilika takriban mwaka 1821.

La nne ni mkoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Kwa miaka mingi majahazi yalipakia boriti kutoka huko na kuzipeleka Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea, hadi Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982.

La tano ni Al-Inkishafi. Hapa pana mtego. Wengi wetu hufupisha tukasema Inkishafi, na kama mmeandika hivyo hamkukosea. Lakini kiungo kitawaambia ni umbo lipi linalotakiwa leo.

La sita lina mtego mkubwa zaidi. Walioandika tembo wamepata, na walioandika ndovu wamepata pia, kwa sababu ni mnyama yuleyule. Swali lilivyo halina njia ya kuwaamua. Kiungo ndicho kitakachowaamua.

La saba ni India. Da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, majira ambayo pepo za kusi huanza kuvuma na kusukuma vyombo kuelekea kaskazini mashariki. Mabaharia wa pwani yetu, wa Arabuni na wa India walikuwa wakizijua na kuzitumia pepo hizo karne nyingi kabla yake.

KIUNGO

Sasa chukueni kalamu. Zungusheni duara katika herufi ya kwanza ya kila jibu, kuanzia juu: Mwana Kupona, Kidaka, Oman, Mkoko, Al-Inkishafi, Ndovu, India.

M, K, O, M, A, N, I. Mkomani.

Mkomani ni mtaa wa upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, ule wenye nyumba za mawe za kale zilizosongamana na vichochoro vyembamba ambamo punda mwenye mzigo akipita, mwenye miguu hana budi kujibanza ukutani. Upande wa kusini ni Langoni, na mashindano ya watu wa mitaa hiyo miwili katika ngoma na mashairi yana historia ndefu.

Tazameni sasa kiungo kilivyofanya kazi. Kama mlikuwa na tembo, jina lilisomeka Mkomati, nanyi mkajua pana kitu hakikukaa sawa. Kama mlikuwa na Inkishafi, herufi ya tano iliwagomea. Na kama hamkuwahi kumsikia Mwana Kupona, lakini mlikuwa na majibu mengine sita na mkaujua mtaa, basi mlipata M ya mwanzo, na kutoka M mtu mmoja nyumbani huenda akasema, "Ngojeni, si yule mwanamke aliyemtungia binti yake?" Mmejibu swali mlilokuwa mmeliacha wazi. Chemsha bongo ya kawaida haiwezi kuwapa nafasi hiyo ya pili.

Na je, kwa nini tumeuchagua Mkomani na si mtaa mwingine? Kwa sababu chini ya kiungo cha herufi pana kiungo cha pili. Vitu vyote saba vinapatikana katika mtaa huo au hatua chache kutoka hapo.

Ingieni nasi katika nyumba ya kale ya Mkomani. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Inueni macho: dari imelazwa juu ya boriti za mkoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Mkoko uliota matopeni umeamua familia iketi vipi. Tazameni ukuta wa ndani: hizo hapo zidaka, zilizowekwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari. Nguo na bidhaa za India ziliingia kwa njia hiyohiyo ya pepo. Tokeni nje mwende majumba yanayotazama bahari, mtaikuta Makumbusho ya Lamu, na ndani yake siwa ya Pate, pembe ya kupulizwa yenye urefu wa zaidi ya mita 2, iliyochongwa kwa pembe za ndovu. Mkielekea kusini mtafika kwenye ngome ya zama za Seyyid Said. Na mawaidha ya Mwana Kupona kwa binti yake yalikuwa mawaidha ya nyumba ya namna hiyohiyo, mama akimkabidhi mwanawe namna ya kuishi ndani ya kuta hizo.

Umebaki Al-Inkishafi, nao ndio unaotupa sababu ya kuyasema haya yote. Katika utenzi huo mshairi anatuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari kisha yakahamwa. Yale mashubaka ya ukutani yaliyokuwa yakipambwa kwa vyombo vya kaure sasa yamekuwa makao ya makinda ya ndege. Jibu la tano linalitazama jibu la pili, nalo linasikitika.

KIDAKA KITUPU

Ndugu msomaji, mwaka 2001 UNESCO iliuandikisha Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa, na mjini Mkomani ipo nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ili wageni waone maisha yalivyokuwa. Lakini orodha ya urithi huandika kuta. Maneno ya kuzieleza kuta hizo yamo vinywani mwa watu, na watu hawaandikishwi popote.

Jaribuni jambo dogo. Muulizeni kijana wa Nairobi, au hata wa Mombasa, ambaye bibi yake alizaliwa katika nyumba ya mawe, amweleze mwenzake daka ni nini, msana ni nini, wikio ni nini. Daka ni kibaraza cha mlangoni ambapo wageni hupokewa. Msana ni ukumbi mrefu unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani. Wikio ni chumba kinachovuka juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba na nyumba, mara nyingi za ndugu. Kijana huyo anaweza kuwa amepata alama nzuri darasani na bado asijue hata moja. Si kosa lake, kwa sababu hajaulizwa, na bibi naye hajaulizwa.

Chukueni mfano wa birika. Katika vyoo vya nyumba za zamani palijengwa birika la maji, na ndani yake walifugwa samaki wadogo. Chini kabisa ya birika, sakafuni, ilipachikwa bakuli ya kaure ili maji yakipungua, samaki wasikose pa kukaa. Bibi anajua samaki walikuwamo. Mwanafunzi amesoma kwamba mbu hutaga mayai majini na kwamba viluwiluwi vyake vinaweza kuliwa na samaki. Kila mmoja ana nusu ya habari. Wakikaa meza moja, nusu mbili zinakutana: watu wa Mkomani walikuwa wakipambana na mbu ndani ya nyumba zao kabla hospitali za kisasa hazijafika.

Hii ndiyo faida ya maswali yenye kiungo, na ndiyo sababu tunayapendekeza kwa nyumba za mjini. Hayamhitaji mtu mmoja anayejua yote. Katika maswali yetu saba, la kwanza na la tano ni ya kijana wa sekondari. La pili ni la bibi. La tatu na la saba ni ya baba anayependa historia. La nne ni la yeyote aliyewahi kufika ufukoni, na la sita ni la mtoto mdogo. Mtoto huyo akisema "tembo" na bibi akasema "sisi tulikuwa tukisema ndovu", herufi ya sita imepatikana, na mtoto ameokota neno ambalo huenda hakuwa nalo asubuhi.

Maarifa yanayowekwa moja moja huwa kama kidaka kilichokaa bila chombo: nafasi ipo, nakshi ipo, lakini hakuna anayejua kilijengewa nini.

TUNGENI YENU

Baada ya leo mnaweza kutunga wenyewe. Kazi si ngumu, mradi mfuate mpangilio huu.

Anzeni na kiungo, msianze na maswali. Chagueni jina la mtaa wenu, la shule, la mto, au la mtu mnayemheshimu nyumbani. Jina la herufi tano hadi nane linatosha. Likizidi hapo watu huchoka.

Kisha tafuteni majibu. Kila herufi ipate jibu moja, na majibu yatoke pande tofauti: moja la jikoni, moja la shamba, moja la michezo, moja la historia. Mkiweza, fanyeni kama tulivyofanya Mkomani: majibu yenyewe yawe na uhusiano na jina mlilolificha. Hapo mchezo huacha kuwa wa herufi tu.

Kisha ndipo mtunge maswali. Kila swali lipimwe kwa mtu wa umri fulani nyumbani, ili asiwepo anayekaa bure. Hakikisheni jibu kwa mtu anayejua au kwa kitabu, maana swali lenye jibu la kubahatisha huvunja mchezo wote. Acheni mitego miwili ya majina pacha, kama ndovu na tembo, ili kiungo kipate kazi ya kufanya. Mitego isizidi hapo.

Mwisho, msiseme kiungo ni cha aina gani. Kinaweza kuwa cha herufi, kinaweza kuwa cha maana. Mchezaji akishajua ni herufi za mwanzo, nusu ya raha imeondoka.

Ili msiondoke mikono mitupu, haya hapa manne mafupi. Tunawaonya kwamba kiungo cha safari hii si cha herufi.

a) Bandari ya Tanzania ambako majeshi ya Uingereza yalishindwa na Wajerumani mwezi wa Novemba 1914.

b) Kiungo cha mwili kinachotengeneza homoni, kimoja kiko shingoni.

c) Kitu anachokishika dereva ili kuliongoza gari.

d) Ala ya muziki yenye nyuzi ya Wahaya wa Kagera.

Mkikwama, muulizeni bibi amalizie methali hii: "Enda tezi na omo..."

Majibu: a) Tanga. b) Tezi. c) Usukani. d) Nanga. Kiungo: vyote vinne ni majina ya vitu vya jahazi. Tanga hushika upepo, tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, usukani hukiongoza, nanga hukituliza. Na methali humalizika hivi: "marejeo ni ngamani."